Honda ya pwani katika hewa ya Nairobi: kisa cha CG125 iliyolala zaidi ya miaka 20

Pikipiki ilishushwa kutoka kwenye pikapu mbele ya karakana yetu, Kariobangi Light Industries, ikiwa na hukumu yake tayari. Ni Honda CG125 ya mwaka 1977, nyekundu, tairi zimepasuka pembeni, kiti kimeota ukungu. Fundi aliyeitazama mwanzo alikuwa amechomeka geji ya kompresheni, akapiga kiki, akasoma namba na kuilinganisha na ya kitabu. Namba ilikuwa chini. Akasema ringi za pistoni zimekwisha, silinda ipigwe boring (ichongwe upya ndani), au mwenyewe asijisumbue: anunue injini mpya ya Kichina, aifunge kwenye fremu, aendelee na maisha.

Kisa hiki nakieleza kwa kirefu kwa sababu geji haikudanganya, na bado hukumu ilikuwa mbaya. Pikipiki nyingi za zamani zimevunjwa spea hapa mjini kwa hukumu za namna hiyo, na inaniuma, maana nyingine zilikuwa nzima.

Kwanza niseme kidogo kuhusu injini yenyewe. CG125 ilitoka mwaka 1976. Honda waliilenga kwa nchi ambazo pikipiki hubeba mzigo kupita kiasi na oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Injini zenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu) juu kwenye hedi zilikuwa zinaumia katika maisha hayo, kwa hiyo kamshafti wakaishusha chini karibu na kranki, ikazungushwa kwa gia badala ya cheni, na valvu zikawa zinasukumwa kwa fimbo. Cheni ya gurudumu la nyuma nayo wakaifungia ndani ya boksi la bati isile vumbi. Muundo huo wa injini ndio ulionakiliwa na viwanda vya China, na boda boda nyingi za Kichina unazoziona Eastlands zina injini ya ukoo huo. Faida yake ni kwamba mtu mwenye CG ya zamani anaweza kuteremka Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, akapata gasketi, pleti za klachi, kebo na beringi bila kuagiza ng'ambo. Hasara ni kwamba kwa urahisi huo watu huona hakuna haja ya kuiponya injini ya kwanza. "Si ni ile ile tu?" Hapana. Chuma cha ile ya Japani, ukikipima baada ya miaka yote hii, mara nyingi bado kinakushangaza.

Mwenye pikipiki ni dada mmoja wa Buruburu. Ni ya babake, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Kilindini, akahamishiwa depo ya makontena ya Embakasi mwaka 1999. Alipostaafu alirudi Mombasa, pikipiki ikabaki stoo. Binti anataka kuipanda, si kuiweka sebuleni. Maonyesho ya magari na pikipiki za zamani yanayofanyika uwanja wa Ngong Racecourse ameyasikia, lakini haja yake ni Jumapili asubuhi atoke nyumbani, afike Limuru anywe chai, arudi. Hilo lilinifurahisha, kwa sababu pikipiki ya kupandwa hutengenezwa tofauti na ya kutazamwa.

Kabla ya kugusa spana nilimwomba anipigie simu Mzee.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo nyote huko?"

"Hatujambo. Mzee, nina pikipiki yako hapa mbele yangu. Nataka nijue uliilaza vipi."

"Sikuilaza, mwanangu, niliiegesha tu. Ilishushwa kwenye lori, nikaisukuma stoo, basi. Huko Nairobi sikuipanda hata siku moja."

"Na tangi lilikuwa na mafuta?"

"Nusu, au zaidi ya nusu. Petroli niliyotia Likoni."

"Ilikuwa na shida yoyote?"

"Shida gani! Nilikuwa naipanda kila siku, navuka nayo feri."

Katika majibu hayo mafupi kulikuwa na karibu kisa chote. Injini iliyokuwa ikivuka feri kila siku haiwi na ringi zilizokwisha kwa sababu imesimama. Kusimama huleta maradhi yake: kutu, gamu (petroli iliyozeeka ikanata), mpira uliokauka, mdudu aliyejenga. Kulika kwa chuma huletwa na mwendo. Ukisikia pikipiki iliegeshwa ikiwa nzima, tafuta kwanza maradhi ya kusimama. Jambo la pili, zito zaidi, ni lile la kwamba haikuwahi kukimbia Nairobi. Kabureta yake ilirekebishwa Mombasa, usawa wa bahari, na hewa ya huku juu haikuwahi kuivuta ikiwa inafanya kazi.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Katika kimo hiki mgandamizo wa hewa ni pungufu ya ule wa Mombasa kwa karibu asilimia 18. Sasa rudi kwenye geji ya yule fundi. Geji ya kompresheni inapima hewa ambayo pistoni imeibana, na pistoni haiwezi kubana hewa ambayo haikuingia. Tuseme kitabu kinataka 12 na kimeandikwa kwa usawa wa bahari: injini nzima kabisa hapa Kariobangi itasoma kama 10, na hilo ndilo afya yake. Ongeza kwamba silinda ilikuwa kavu kabisa, oili yote imeteremka chini miaka mingi iliyopita, ringi zimeganda kwenye mifereji yake kwa gamu, na mtu anapiga kiki pengine bila kufungua gesi (mkono wa kuongeza mwendo) hadi mwisho. Kipimo cha kompresheni bila gesi kufunguliwa kabisa ni kuipima injini huku umeiziba pua. Namba ya chini ilikuwa lazima itokee.

Kuna madhara yaliyokwisha kufanyika kabla ya pikipiki kutufikia. Kijana mmoja wa pale nyumbani, kwa nia njema, alimimina petroli mpya juu ya ile ya zamani akajaribu kuiwasha kwa kusukumwa. Petroli mpya ililainisha gamu na kuling'oa pamoja na kutu, na uchafu wote ukateremka kwenye kabureta. Msomaji mwenye pikipiki ya zamani stoo, tafadhali: usiitie mafuta, usiipige kiki, usiisukume. Iache ilivyo hadi tangi lifunguliwe.

Tulianza na plagi. Tuliitoa, tukamimina oili nyepesi kupitia tundu lake, kiasi cha vijiko viwili, tukaiacha ilale ijipenyeze. Kifuniko cha valvu kikafunguliwa, oili ikamwagwa juu ya rokari na fimbo. Kesho yake tuliingiza gia ya juu kabisa tukazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole, mbele kidogo na nyuma kidogo. Hapa mtu asiwe na haraka. Injini ya fimbo ikiwa na valvu iliyoganda na wewe ukapiga kiki kwa nguvu, fimbo inapinda, na umeongeza ugonjwa ambao haukuwepo. Kwa mkono unahisi. Yetu ilisita mara moja, kisha ikalegea, na valvu zote mbili zikaonekana zikipanda na kushuka.

Oili ilipofunguliwa chini, kilichotoka kwanza kilikuwa maji. Stoo ya mabati Nairobi hupata joto mchana na baridi usiku, hasa Juni hadi Agosti, na hewa iliyomo ndani ya injini na tangi hutoa jasho lake humo humo, mwaka baada ya mwaka. Injini hii haina chujio la karatasi. Ina wavu mdogo wa chuma, na ina kikombe kwenye ncha ya kranki kinachozunguka na kurusha uchafu pembeni ukagande. Kikombe hicho hakionekani mpaka ufungue kifuniko cha upande wa klachi, kwa hiyo wengi hubadilisha oili maisha yote bila kukigusa. Chetu kilikuwa na tope gumu la kijivu lililohitaji kukwanguliwa kwa kijiti. Tukiwa humo tulizitenganisha pleti za klachi, ambazo zilikuwa zimeshikana kabisa, tukaziosha na kuzirudisha. Hazikuwa zimelika.

Ndani ya boksi la chujio la hewa tulikuta kiota cha panya, na sponji lenyewe lilikuwa limegeuka unga. Ukilishika linabaki vidoleni. Injini ikiwaka katika hali hiyo, unga huo unavutwa moja kwa moja kwenye silinda. Kwenye sailensa tulipitisha waya hadi mwisho, kukatoka udongo wa manyigu.

Tangi ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote, nami nitakaa hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu hushindwa kuvumilia.

Petroli ya 1999 ilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kenya iliachana nayo kufikia Januari 2006, pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara. Kwa hiyo ule mkorogo wa kahawia uliobaki chini ya tangi, wenye harufu ya rangi iliyooza, si uchafu wa kushika kwa mikono mitupu wala wa kumwaga mtaroni. Tulivaa glavu, tukaukusanya kwenye mtungi pamoja na oili chafu inayochukuliwa na wakusanyaji. (Dada aliuliza kama injini ya enzi za risasi itaumia na petroli ya leo. Injini hizi za Kijapani zina viti vya valvu vigumu. Hazihitaji dawa yoyote ya kuchanganya.) Gamu lililobaki tuliliosha kwa thina kidogo kidogo, tukilinda rangi ya nje kwa mpira na matambara, kisha sabuni na maji ya moto hadi maji yatoke safi.

Ikabaki kutu. Wengi hutia kokoto au nati na kutikisa tangi kwa nguvu, au hutia asidi ya betri, na tangi la bati jembamba hutoboka. Mimi natumia molasi. Ni ile ile ya kulishia ng'ombe, unayoipata agrovet yoyote kwa bei ndogo: sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, jaza hadi shingoni ili pasibaki sehemu yenye hewa, uache wiki moja hadi mbili. Molasi hula kutu na kuacha chuma. Inachacha, inatoa povu na harufu, kwa hiyo kifuniko usikikaze, na usiweke tangi karibu na pale watu wanapokula. Bomba la petroli toa kwanza uzibe tundu, kwa sababu mchanganyiko huo haupatani na alumini. Kila siku mbili tatu nilikuwa nikimulika tochi ndani. Mwanzoni rangi ni ya machungwa kila mahali. Halafu madoa meusi yanatokea, yanapanuka, na mwisho unaona bati la kijivu, la Japani, na alama za mashine iliyolikunja. Napenda sana hatua hiyo.

Mara baada ya kusuuza, kazi ni ya haraka, kwa kuwa bati tupu lenye maji huanza kutu tena ndani ya dakika. Tuliazima mashine ya kukaushia nywele kwa majirani wa saluni, tukaipuliza ndani hadi tangi likawa la moto, kisha tukazungusha humo petroli iliyochanganywa na oili kidogo. Sikulipaka dawa ya kufunika ndani. Bati lilikuwa zima, na dawa hizo zikianza kubanduka baada ya miaka, vipande vyake huziba kabureta vibaya kuliko kutu.

Kabureta ilifunguliwa yote. Jeti (kipande chenye tundu la kupimia petroli) ndogo ya mwendo wa taratibu ilikuwa imezibwa kabisa. Tundu lake ni jembamba mno, na kulisafisha kwa sindano ya chuma ni kulipanua, ukishalipanua umeliharibu. Tunaloweka, tunapuliza, kisha tunapitisha uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Ukiielekeza jeti angani unapaswa kuona duara la mwanga, kamili, lisilo na kona. Tulirudia mpaka duara likaonekana. Kabureta mpya ya Kichina ingepatikana siku hiyo hiyo, lakini ile ya kwanza ilikuwa na mwili mzima na slaidi isiyocheza, na kabureta mpya huja na jeti zake ambazo nazo zingehitaji kujulikana.

Pointi, swichi ndogo inayoachana ili plagi itoe cheche, zilisafishwa na kuwekwa pengo kati ya milimita 0.3 na 0.4. Valvu ya moshi ilikuwa imebana, haina nafasi kabisa, jambo ambalo peke yake hupunguza kompresheni. Zote mbili ziliwekwa 0.08 injini ikiwa baridi. Waya za ardhi zilikuwa kijani kwa chumvi ya pwani, tukazikata na kuzifunga upya. Breki tuliziosha kwa maji na sabuni, hatukupuliza vumbi lake, maana pedi za miaka hiyo huenda zina asbesto. Tairi na tyubu mpya, sina la kusema zaidi: mpira uliopasuka haujadiliwi.

Iliwaka. Moshi wa oili ile tuliyomimina ulitoka kwa muda, ukaisha, na injini ikasimama kwenye mlio wake. Dada alipiga makofi. Hapa ndipo kazi nyingi hufungwa na pikipiki ikakabidhiwa, na hapa ndipo mwenyewe huanza kuichukia, kwa kuwa inawaka lakini haiendi.

Yetu haikuwa inaenda. Ikiwa imesimama iliunguruma vizuri, lakini ukifungua gesi kwenye Outer Ring Road ilikuwa inakohoa, inatoa moshi mweusi, na plagi ilirudi na masizi makavu. Yule aliyesema ringi angesema, "Si niliwaambia?" Lakini ringi zilizokwisha hutoa moshi wa bluu na plagi yenye unyevu wa oili. Masizi makavu ni petroli nyingi kwa hewa kidogo. Ni maradhi mawili tofauti, na plagi ndiyo inayokuambia ni lipi.

Tulikubaliana tubadilishe kitu kimoja tu kila mara, kisha tuipande. Choku ilikuwa inafunguka yote. Chujio jipya la hewa halikuwa limezibwa na oili. Tukatoa boya la kabureta. Nililitikisa karibu na sikio, nikahisi kitu kikicheza ndani. Tukalizamisha kwenye kikombe cha maji ya moto, tukaangalia, na kutoka kwenye mshono mmoja kukaanza kupanda mapovu madogo, moja moja, mfululizo. Boya lilikuwa na ufa usioonekana kwa macho na lilikuwa limekunywa petroli. Boya zito huelea chini, petroli inapanda kupita kiasi chake, na injini inalishwa zaidi kila mahali. Pacha wake tulimpata kwenye kabureta ya boda boda ya Kichina pale Kirinyaga Road, baada ya kuyaweka mawili sambamba kwenye kaunta na kuyalinganisha. Kimo cha petroli tulikihakikisha kwa mpira mwangavu uliochomekwa chini ya bakuli la kabureta na kuinuliwa pembeni yake, maana boya jipya kukaa vizuri mahali pake hakuthibitishi kwamba petroli imesimama inapopaswa.

Ilikuwa bora mno, lakini gesi ikifunguliwa hadi mwisho bado ilikuwa nzito, na plagi bado nyeusi. Hapo sasa ndipo maneno ya Mzee yalipofanya kazi. Kabureta haijui iko mji gani. Tundu la jeti hutoa petroli kwa kipimo chake, na hewa nyepesi ya Nairobi haitoshi kuichoma yote. Jeti kubwa iliyokuwa ndani ilikuwa namba 105. Tulitia 100. Namba ni upana wa tundu; ukipiga hesabu ya eneo lake, hiyo ni pungufu ya karibu asilimia 9, kama nusu ya tofauti ya hewa kati ya huko na huku, nayo inatosha, maana hewa nyepesi yenyewe hunyonya petroli kidogo zaidi. Juu kukawa safi, ikavuta bila kukohoa. Katikati ya gesi kulibaki uzito kidogo, tukapandisha klipu ya sindano ya kabureta ngazi moja ili sindano ishuke. Plagi ikaanza kurudi na rangi ya kahawia hafifu.

Ile jeti ya 105 imefungwa kwenye kikaratasi chenye maandishi, ipo ndani ya boksi la vifaa chini ya kiti. Dada ana hamu ya kumpelekea babake aione, na ikishushwa Mombasa bila kurudishiwa jeti yake itakuwa na hewa nyingi na petroli kidogo. Injini katika hali hiyo hupata joto kali, na safari ndefu ya kasi inaweza kutoboa pistoni. Moshi mweusi unakera tu. Upande wa pili unaua injini kimya kimya.

Kisha likajitokeza lililofichwa na yote haya. Pikipiki sasa ilikuwa inakimbia vizuri, lakini baada ya kama nusu saa ya mwendo ilizimika, kama imekatwa, na baada ya kupoa iliwaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Kila aliyepita alisema ni mafuta: kifuniko cha tangi hakipumui, au petroli inachemka. Ni wazo zuri na linapimika. Ilipozimika tena Juja Road, tulifungua kifuniko papo hapo, haikuwaka. Tulilegeza skrubu ya kutolea petroli, ikatoka kwa wingi. Tukatoa plagi, tukaigusisha kwenye hedi, tukapiga kiki: cheche dhaifu, ya manjano, nayo ilikuwa inaruka mara moja moja. Shida ilikuwa umeme.

Jioni, karakana ikiwa na giza, tuliifanya injini ipate moto, tukaondoa kifuniko cha pointi na kutazama. Zilipokuwa baridi hapakuwa na cha kuona. Joto lilipopanda, kati ya pointi mbili kukaanza kuruka moto wa bluu, mdogo kwanza, kisha mnene, na mlio ukaanza kukatika. Hiyo ni kondensa. Kazi yake ni kuumeza umeme pale pointi zinapoachana ili koili itoe cheche moja kali. Ikizeeka hushikilia ikiwa baridi na kuachilia ikipata joto. Boda boda za leo hazina pointi wala kondensa, kwa hiyo madukani walitutazama tu. Tulipata ya gari la zamani la pointi, kwa muuza spea za magari. Thamani zake huwa karibu na hizi, maikrofaradi 0.2 na kitu, na inafanya kazi sawasawa. Ile ya kwanza tuliiondoa kwenye mzunguko, hii tukaifunga kwenye fremu chini ya tangi, mbali na joto la injini, na pointi tukazisugua upya kwa sababu moto ulikuwa umezichimba.

Dada aliipandisha Limuru, kimo cha zaidi ya mita 2,000, mimi nikimfuata kwa nyuma, na haikuzimika. Nilimwambia mapema asitegemee nguvu za Mombasa: injini yoyote isiyo na turbo hupoteza sehemu ya nguvu zake kwenye vilima hivi, na hii ilikuwa na farasi 11 hivi tangu kiwandani. Mlimani Waiyaki Way atashuka gia moja na lori litampita. Alisema hana haraka na lori.

Baada ya kilomita mia kadhaa tulipima tena kompresheni, injini ikiwa na moto, gesi imefunguliwa yote. Ilisoma kidogo juu ya 9. Tukatia kijiko cha oili kwenye silinda na kupima tena: ikapanda kidogo mno, maana yake ringi zinabana. Kwa Nairobi, kwa injini ya 1977, hiyo ni namba ya kujivunia. Silinda haikufunguliwa.

Yaliyobaki ni madogo lakini ni ya kweli. Sili ya shoki ya mbele kushoto inavuja na imeagizwa. Mpaka ifike, anafuta oili kila jioni isifike kwenye breki. Kwa sasa oili ya injini inabadilishwa mapema, kwa kuwa tope lililobaki kwenye mifereji bado linalainika, na wavu wa bomba la petroli unafunguliwa kila mara hiyo. Logbook, yaani hati ya umiliki, bado ni ya Mzee, ile ya zamani ya karatasi. Uhamisho unafuatiliwa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Bima ya madhara kwa watu wengine (third party) ilichukuliwa kabla ya gurudumu kugusa barabara.

Kiti tulikiacha na kitambaa chake. Tulikiosha na kukianika juani.